Kifungu cha Nne

Widnes, Jumanne, mvua ya upande.
Naandika kuhusu jicho la mtu nisiyemjua
atakayerukiwa na kostiki soda
siku ambayo bado haijapangwa,
labda kabla ya chai ya saa nne,
labda glavu amezivua ajikune.

Karatasi ina vifungu kumi na sita.
Vingine ni vya mwanasheria, vya dereva wa lori, vya zimamoto.
Cha nne ni changu.
Msomaji wangu hasomi.
Msomaji wangu anapiga kelele,
na anayemsomea mikono inamtetemeka
na miwani ameisahau garini.
Kwa hiyo sentensi fupi.
Maji kwanza. Simu baadaye.

Kwetu walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hapa nalipwa mshahara kusema: yamwage.
Yamwage, yafurike sakafuni, yaingie viatuni,
usiyaonee huruma,
dakika kumi na tano bila kupumzika.

Nani alizihesabu hizo kumi na tano?
Nilimuuliza Glenys, mkubwa wangu.
Akasema alizikuta alipoajiriwa.

Basi jioni, nyumbani,
nikaweka saa ya jikoni kando ya sabuni,
nikainama chini ya bomba la bafuni,
nikashika kope kwa vidole viwili.
Mwezi wa Februari. Maji ya Februari.
Dakika ya kwanza nilijiona mwerevu.
Ya pili fuvu likaanza kuuma kama jino.
Ya tatu nikayatukana maji
matusi ambayo sikujua kama bado ninayo.
Ya nne nikaacha.
Na jicho langu halikuwa na kitu ila uchovu.

Kesho yake nikaandika:
Maji ya vuguvugu, kama yapo.
Mshikilie kope. Atakataa. Usimwache.
Zungumza naye mpaka mwisho.

Glenys akapitisha kalamu ya kijani.
Maneno "zungumza naye" hayamo
katika orodha ya misemo iliyoidhinishwa.
Hakuwa mkali. Alinikatia keki ya tangawizi,
akafuta makombo juu ya meza, akasema:
"Karatasi hii inakwenda viwanda mia tatu.
Vingine, usiku, ana mtu mmoja tu.
Huyo azungumze na nani?"

Nikakaa nalo hilo swali wiki nzima.
Mtu mmoja, usiku, macho yamejifunga yenyewe,
anapapasa ukuta.
Sentensi gani humfikia asiyeona?

Kiingereza kinaniruhusu kuosha macho tu,
macho yasiyo na uso, yasiyo na mke wa kupigiwa simu.
Ninapoandika rasimu kichwani, kwa lugha yangu,
mambo yanakuwa mengine:
mwoshe, mtoe nje, mlaze, usimtapishe.
Kila kitenzi kimebeba m ndogo tumboni,
na m hiyo ni mtu.
Hata usipotaka kumwona, umeshamtaja.
Halafu natafsiri, na m zinabaki kwangu,
zimejaa droo.

Machi tukavuka daraja kwenda Runcorn.
Bwana Fazakerley, msimamizi wa zamu,
akatuonyesha karatasi yetu: ipo,
ndani ya plastiki, nyuma ya mlango,
na juu yake koti.
La nani?
La Norris, akasema. Yuko likizo.
Nikalitundua koti.

Kutoka pampu hadi bomba la macho, hatua kumi na moja.
Nikarudi kwenye pampu, nikafumba macho,
nikaanza upya, mikono mbele,
Glenys akinong'ona kwamba watu wanatazama.
Hatua ya tisa nikapiga ndoo teke.
Ilisafiri mbali sana, ndoo ile.
Hakuna aliyecheka, ila Fazakerley kidogo.

Kifungu cha nne kimebaki alivyokiacha Glenys.
Lakini kwenye cha nane, panapotajwa vifaa,
niliongeza mstari mmoja, mkavu,
kwamba njia ya kwenda kwenye maji iwe tupu
na iweze kufuatwa kwa mkono ukutani.

Huo haukukatwa.
Aliusoma mara mbili,
akaweka kalamu ya kijani chini,
akaniuliza mguu unaendeleaje.